Bosi anaongeza "-ly" kila mahali, na meseji inatakiwa iondoke leo usiku

BintiMsasani

Wakuu, habari za jioni. Wale wa Kiingereza njooni hapa mara moja, nina jambo la kazini.

Niko mapokezi kwenye fleti za wageni huku Msasani. Wapangaji wetu wengi ni watu wa mashirika, wengine wanapita tu wakisubiri boti ya Zanzibar. Pamoja na kutoa funguo, kazi yangu ni kujibu meseji zao. Sasa kwa mvua ya juzi chemba ya nyuma ilifurika, maji yakarudi mpaka korido ya chini. Harufu ya chemba ya Dar wakati wa masika mnaijua, sina haja ya kuieleza. Fundi kaja, dada wa usafi wamepiga deki na dawa tangu asubuhi, lakini harufu bado ipo. Mgeni wa chini kaandika kulalamika, na ana haki. Nikaandaa jibu:

"The corridor still smells bad and we feel bad about it. Our cleaners have been working hard since morning. The plumber came late but he works fast."

Kwa utaratibu wetu, meseji ya kuomba radhi lazima ipite kwa bosi. Bosi ni mama mtu mzima, msomi, namheshimu, na kwenye hesabu hapitwi hata na shilingi. Kanirudishia hivi:

"The corridor still smells badly and we feel badly about it. Our cleaners have been working hardly since morning. The plumber came lately but he works fastly."

Nikamuuliza kwa adabu. Akasema kitenzi kinafuatwa na kielezi, na kielezi cha Kiingereza kinaishia na -ly, kwani shule nilikuwa nasinzia? Sikusinzia, ila sikio langu linakataa. Hiyo "working hardly" ndiyo inanitia hofu zaidi. Shida ni kwamba sina kanuni ya kumwonyesha, nina sikio tu, na sikio si hoja mbele ya bosi.

Nani yuko sahihi? Na kama ni mimi, nalisema vipi bila kuonekana najifanya mjuaji? Mgeni hajalala bado.

Kitaa_Huru

Tuma ya bosi. Mgeni akicheka anamcheka bosi. Mshahara wako unaingia tarehe ile ile.

DalaliSinza

Mkuu hapo juu usimpotoshe dada wa watu. "Working hardly" maana yake ni kama hawafanyi kazi kabisa. Yaani mnamwandikia mgeni kwamba dada wa usafi tangu asubuhi wamekaa tu wanapiga soga. Zaidi ya hapo mimi sijui, tumsubiri mwalimu.

MwalimuMstaafu_Temeke

Marahaba kwa wote mtakaonisalimia.

Binti, uko sahihi sehemu zote tano. Kwenye moja bosi wako ana watetezi, nitaifikia.

Anza na Kiswahili chako. Ukisema "fundi mzuri" na "fundi anafanya kazi vizuri" huchanganyi hata ukiamshwa usiku wa manane. "Mzuri" inamhusu fundi, inafuata ngeli yake: fundi mzuri, mafundi wazuri, bomba zuri. "Vizuri" inahusu namna kazi inavyofanyika, haijali fundi ni mmoja au kundi zima. Basi hiyo ndiyo "good" na "well", hiyo ndiyo "careful" na "carefully". Darasani nilikuwa nawaambia watoto: mdomo ukitaka kusema "vi" au "kwa", yaani vibaya, kwa uangalifu, kwa haraka, tafuta kielezi. Ukitaka kufuata ngeli, tafuta kivumishi. Sentensi nyingi unazivuka kwa hilo tu, na kwenye hizo bosi wako hana kosa. "She is a good cook." "She cooks well." Asiyejua hili ndiye anayeandika "she cooks good", na mtihani wa kidato cha nne haumwachii.

Sasa kuna mahali Kiswahili kinakusaliti, na ndipo mama alipoteleza. Ni vitenzi vya hisia. Sisi husema samaki ananuka vibaya, ua linanukia vizuri, najisikia vibaya. Vi, vi, vi. Ukihamisha vile vile unapata "smells badly". Mwingereza haoni hivyo. Katika sentensi yako "smells" si kazi inayofanywa na korido, maana korido haina pua. Pale kitenzi kimekalia kiti cha "ni": korido ni mbaya, na pua ndiyo iliyotoa taarifa. Kinachofuata kinaieleza korido yenyewe, na korido ni jina, kwa hiyo kinatakiwa kivumishi. "The corridor smells badly" ukiichukulia ilivyo, ni korido inayojaribu kunusa ikashindwa kwa sababu ya mafua.

Kipimo chake ni chepesi. Ondoa kitenzi, weka "is". Sentensi ikisimama na maana isipopotea, weka kivumishi. "The soup tastes good", sawa na "the soup is good", imesimama. Jaribu sasa "the cook tasted the soup quickly". Ukiweka "is" unapata mpishi ambaye ni supu. Imeanguka, kwa hiyo kielezi ndicho mahali pake. Simama jioni kwa muuza supu ya pweza uone: yeye ana-taste, supu nayo ina-taste, kitenzi kimoja, kazi mbili. Ndiyo maana sipendi walimu wanaowakaririsha watoto orodha ya vitenzi: look, sound, smell, taste, feel, seem, become. Orodha ni ya kweli, lakini haisaidii kama hutazami nani anafanya nini.

Mfano wa daladala. Umempa konda noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi. "The conductor looked angry": uso wake ulikuwa wa hasira, yuko hivyo. "The conductor looked angrily at me": alikutazama, akafanya kitendo kwa macho, na kitendo kilikuwa cha hasira. Zote mbili ni sahihi, na kwa noti ile zote mbili zitatokea.

Nije kwenye "hard", maana hapo ndipo meseji ya bosi ingewaaibisha.

Watu wanadhani -ly ilizaliwa pamoja na kielezi. Hapana. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kivumishi kilipewa -e mwishoni kikawa kielezi. "Heard" ilikuwa kivumishi, ngumu. "Hearde" kielezi, kwa nguvu. Ile -e baadaye ikaacha kutamkwa, ikafa, vikabaki na sura moja. Hivyo "hard" ya leo, "fast" ya leo, "late" ya leo, kila moja ni kivumishi na ni kielezi vilevile. Hazijapungukiwa kitu. Hiyo -ly ilitokana na -lic, iliyohusiana na neno la mwili au umbo, ikasambaa mpaka watu wakaamini bila yenyewe hakuna kielezi.

Na "hardly" ipo, ila ilishahama mtaa. Ilianza kumaanisha kwa nguvu, ikasogea ikawa kwa shida, ikaishia kuwa karibu na hapana. "They work hard": wanajituma. "They hardly work": ni kama hawafanyi kazi. DalaliSinza kasema kweli.

"Lately" nayo ina maana yake, siku za karibuni. Pantoni ya Kigamboni ikichelewa, "the ferry came late". Wewe kama una muda mrefu hujaipanda, "I haven't taken the ferry lately". Fundi wenu alichelewa, basi "late". Na "fastly" kwenye Kiingereza cha leo haipo. Imalizie hapo.

Mbongo_Houston

Shikamoo mwalimu. Niongeze la huku Marekani. "I feel badly about it" nimeisikia sana, tena kwa watu wazima waliosoma, si wahuni. Wakiwa na majuto wanasema "feel badly", na "feel bad" wanaiwekea kuumwa. Bosi wa dada huenda kaipata huko.

MwalimuMstaafu_Temeke

Marahaba. Hao ndio watetezi niliowasema. Imeenea kweli, na kamusi za Marekani zinaitaja bila kuikemea. Kwa hiyo, binti, kama kuna mahali pa kumwachia mama ushindi ni hapo kwenye "feel", siyo kwenye "smell". Mimi binafsi sikuiruhusu darasani, kwa sababu mtoto ukimfungulia mlango huo kesho anakuandikia "I feel happily".

Kuna jamaa yake "feel bad" anayewachanganya wengi: "you look good" na "you look well". Ya kwanza umependeza, ya pili unaonekana mzima wa afya. "Well" hapo ni kivumishi, cha afya. Mgonjwa akitoka Muhimbili mwambie "you look well". Bibi harusi ukimwambia hivyo atajiuliza alikuwa anaumwa nini.

Chalii_wa_Kodi

Mwalimu heshima yako, lakini mbona Apple waliandika "Think Different" mwaka 1997 na dunia nzima ikanunua? Na vibao vinaandikwa "drive slow". Mnawaonea watu wadogo tu.

MwalimuMstaafu_Temeke

Kijana, "slow" ni katika kundi lile lile lililobaki bila -ly. Kama kielezi ina karne nyingi, hata Shakespeare aliitumia hivyo. Kwenye kibao ni halali na inasomeka upesi. Kwenye barua ya ofisi andika "slowly", hakuna atakayekuuliza. Hao Apple walikuwa wanauza kompyuta. Wapo wanaowatetea kwamba "different" pale ndiyo kitu chenyewe cha kuwazwa, kama "think big". Ukianzisha kampuni yako tutakutetea na wewe.

MamaWawili_Mbagala

Mimi nilikuwa karani, nimepigia mabosi wengi barua tangu enzi za taipureta. Mwanangu, mwalimu kakupa haki yako, mimi nakupa njia ya kutokea salama. Bosi hashindwi kwenye sarufi na binti wa mapokezi, hata kama ameshindwa. Usiende na kanuni. Sentensi inayobishaniwa ivunje uiandike upya ili ubishi ukose pa kukaa.

Andika "There is still a bad smell in the corridor". Sasa "bad" iko mbele ya jina, hapo hata bosi wako ataona ni kivumishi. Badala ya "feel" weka "We are very sorry". Fundi usiseme alichelewa, hiyo mgeni anaijua tayari, sema tu lini atamaliza. Inayobaki ni moja, "hardly", na hiyo usiikwepe, mpelekee kamusi ya kwenye simu asome mwenyewe. Mpe simu mkononi, usimsomee. Ukimsomea umemfundisha, akisoma mwenyewe amegundua.

Na hiyo "very" iache kama ilivyo. Nimeona vijana wakiandika "we are too sorry". "Too" ni mno, ni kupita kiasi. "The room is too hot" ni malalamiko, mtu anataka kuhama. Kiswahili cha siku hizi tunasema mno kwa kusifia, nzuri mno, tamu mno, ndiyo maana watu wanaandika "your house is too beautiful" wakidhani wamesifia zaidi.

BintiMsasani

Shikamoo mwalimu, shikamoo mama. Nimefanya kama mama alivyosema. Nilimpa simu, akasoma "hardly", akanyamaza, akairudia kusoma, akasema "hiyo itoe". Sentensi mpya kazipitisha bila neno. Meseji imekwenda, mgeni kajibu "thank you for the update", na kesho linakuja gari la kunyonya majitaka.

Sasa kanipa kazi nyingine, ya ukurasa wetu wa matangazo. Kaandika "Our staff will welcome you friendly". Hapo -ly ipo na bado sikio linakataa. Mwalimu, nimechanganyikiwa.

MwalimuMstaafu_Temeke

Sikio lako lipewe cheo. Tazama -ly imegandishwa kwenye nini. Ikigandishwa kwenye kivumishi, "quick", "careful", inatoa kielezi. Ikigandishwa kwenye jina, kwa kawaida inatoa kivumishi: "friend" ni jina, kwa hiyo "friendly" ni mwenye urafiki, mchangamfu. "Cost" ni jina, "costly" ni ghali. "Love" ni jina, "lovely" ni ya kupendeza. Wapo pia "lonely" na "elderly", wote vivumishi, ila asili zao hazifuati mstari huu vizuri, hao wazoee tu.

"Friendlily" kamusi zinayo, lakini sijamsikia mtu mwenye akili timamu akiitamka. Zungusha: "Our friendly staff will welcome you." Au ukitaka iwe kielezi, "warmly": "Our staff will welcome you warmly." Mimi ningechukua ya kwanza, fupi.

DalaliSinza

Mwalimu kwa kuwa uko hewani, na mimi nina langu. Matangazo yetu madalali wote tunaandika "full furnished apartment". Kuna mteja mmoja alinicheka. Kosa liko wapi? Full si full?

MwalimuMstaafu_Temeke

Full kwa Kiswahili ni full, full kipupwe, full mziki, hakuna anayekudai sarufi. Kwa Kiingereza, "furnished" ni kivumishi kilichotokana na kitenzi, na unachotaka kueleza ni kiasi gani nyumba imewekewa samani. Kinachoeleza kivumishi si kivumishi kingine, ni kielezi. "Fully furnished." Vivyo hivyo "newly painted", "recently built", "reasonably priced". Ukiandika "a new painted house" mteja anaelewa nyumba mpya iliyopakwa rangi, na akikuta ni ya zamani iliyopakwa juzi mtagombana bure.

Na mkiwa bado mnaniazima, la mwisho kwa wote, maana nalisikia kila siku hata redioni. Kiswahili kinaruhusu kielezi kuingia kati ya kitenzi na kitu: napenda sana pweza, anaongea vizuri Kiingereza. Kiingereza kinagoma. "I like very much octopus" haikubaliki, "she speaks well English" haikubaliki. Kitenzi na kitu chake havitenganishwi, kielezi kinangoja mwisho: "I like octopus very much", "she speaks English well". Sijui kwa nini vitabu vya shule vinajaza kurasa za "quick" na "quickly" halafu hili linapita kimya, wakati ndilo linalomtambulisha Mswahili kabla hajamaliza sentensi.

Kitaa_Huru

Kumbe huu uzi una shule. Mwalimu, tuisheni unatoa?

MwalimuMstaafu_Temeke

Natoa, Jumamosi asubuhi, barazani kwangu. Wewe uliyemwambia binti atume "hardly" utalipa mara mbili.

DalaliSinza

Nimesharekebisha. Fully furnished, vyumba viwili, Sinza, newly painted kweli, rangi haijakauka vizuri. Kodi miezi sita, dalali mwezi mmoja. Walio siriasi waje inboksi.